Ua wa Tata Kambale

Mwanangu, siku niliyoita askari kwa sababu ya ua wa jirani naikumbuka kuliko siku ya arusi yangu. Nilikuwa nimeolewa juzi tu, pale Mulekera, na mume wangu alikuwa Kyavinyonge kununua samaki. Jirani yetu Tata Kambale, mzee mjane, alikuwa amepanda sipre mpakani tangu zamani ziwe ua, miti ya majani yaliyosongamana. Zilikuwa zimekua hadi kupita bati letu, na maharagwe yangu yakawa manjano kwa kukosa jua. Nilimwomba mara mbili azikate.

"Acha kwanza, mama," alinijibu. "Basoda bakipita na bunduki yabo, hapana kuona mbuzi yangu nyuma ya hii miti."

Sikutaka kusikia. Wakati ule wa vita kila kesi ilipelekwa kwa wenye bunduki, nami nikaenda kwa komanda wao kwenye kizuizi cha barabarani. Askari wanne wakaja mchana ule ule. Walimlaza mzee mbele ya mlango wake wakampiga fimbo, wakakata ua wote, wakaswaga mbuzi wake. Kisha mmoja akanigeukia.

"Mama, kazi yako imekwisha. Sisi tutakula nini?"

Wakaondoka na kuku wangu wote, na unga wa muhogo.

Shangazi yangu aliposikia, alikuja. Hakupandisha sauti.

"Ulienda kwa chef wa avenue, mukubwa wa mutaa yetu? Uliita hata bajirani babili mukae chini?"

"Hapana."

"Donc, basi, chemsha maji. Tunaenda kumukanda ule muzee."

Nilimkanda mgongo siku tisa. Siku ya kwanza alinigeuzia uso ukutani. Siku ya nne akasema, "Mukono yako iko na nguvu, mama. Pale hapana kufinya sana." Nikalia palepale, kitambaa mkononi. Baadaye majirani walikaa nasi, tukapanda sipre upya, hatua mbili ndani ya upande wake, tukapatana zisipite kimo cha kifua cha mtu. Tulisalimiana vizuri tangu hapo. Lakini yule mzee hakuweza tena kuinama kushika jembe, hadi tulipomzika.

Mwanangu, ua wa jirani ukikusumbua, nenda kwake hasira ikiwa imetulia, umuulize anaogopa nini. Msipoelewana, ita wakubwa wa mtaa mzungumze. Usimwite mwenye bunduki aamue kati yako na mtu mnayechota maji pamoja. Utakachovunja siku hiyo, huenda usiweze kukitengeneza. Mungu akulindie ulimi ukikasirika, na akujalie jirani atakayekufungulia mlango hata ukiwa umemkosea.