Siku Spika Yangu Ilipomnadi Mdogo Wangu

Kama ulikuwepo kwenye ule ukumbi wa Upanga siku ya sendofu ya kumuaga mdogo wangu Upendo kabla ya harusi, nakuomba uishie hapa hapa, tukikutana tusalimiane tu, yaishe. Nyie wengine mliosikia juu juu (na najua mmesikia, maana Kariakoo habari haihitaji bando) acha niwasimulie mwenyewe, kwa sababu hiyo inayozunguka mtaani imetiwa chumvi mpaka inasema nilirushiwa kiti. Sikurushiwa kiti. Aibu niliipata, tena ya kuutosha ukoo mzima na majirani, ila kiti hapana.

Mimi naitwa Elisante, Eli kwa walionizoea, nauza mashuka na mapazia Kariakoo. Fremu yangu ya duka ni ndogo lakini sauti yangu ni kubwa, na hilo sisemi kwa kujisifu, nasema kwa sababu ni kweli. Mnajua kila duka pale lina spika mlangoni inayojiongelea kutwa nzima? Basi nusu ya hizo spika ni mimi. Viatu ni mimi, masufuria ni mimi, madera ya mama mmoja kule kona ni mimi pia. Wenye maduka wananifuata niwarekodie, na kila tangazo nalimalizia na ile yetu ya siku zote, mali ikishauzwa hairudishwi, ila mimi naivuta, "hairuuuudishwi!", mpaka watoto wa shule wakipita wanaiitikia.

Sasa baba yetu alishafariki, na mimi ndiye mtoto mkubwa wa kiume. Kwetu Kilimanjaro binti hatoki hivi hivi tu, kabla ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchomwa, haijakatwa mzazi anasimama mbele ya wakwe anamsemea neno, kwa hiyo siku ya Upendo wa kusimama nilikuwa mimi. Na neno lenyewe nyumbani kwetu linajulikana. Dada yetu mkubwa alipoolewa, baba alimwambia mbele ya watu wote, "Mwanangu, kaishi vizuri, lakini mlango wa nyumbani haufungwi. Ukichoka, rudi." Na kweli miaka ikapita, dada akachoka, akarudi na mtoto mgongoni, na baba hakuuliza swali hata moja, alifungua mlango akamwambia mama apakue chakula.

Upendo alinifuata dukani akakaa juu ya marobota ya mashuka, akaniambia, "Kaka, mengine yote sema unavyotaka, hata unitanie. Ila lile la mlango lisikose. Nataka wakwe walisikie, na mimi nilisikie." Nikamwambia ondoa shaka, unaongea na nani hapa?

Basi wiki ile ile ya sendofu wateja wa jumla wa mikoani wakashuka Kariakoo kama wameitana, na spika yangu ikachagua wiki hiyo hiyo kufa. Mtu mwenye akili angekaa kimya aitunze sauti. Mimi nikapanda juu ya stuli nikanadi kwa mdomo, siku nzima, na kesho yake tena, jua kali, vumbi, na wale jirani zangu wananichochea, "Eli, leo umeamka!" Kuamka Jumamosi ya sherehe, nafungua mdomo nimsalimie mama, "Shikamoo," kikatoka kitu kama mlango wa bati unaosukumwa na mbuzi. Mama akashika kichwa. Akanichemshia tangawizi, akaniamuru ninyamaze, akasema maneno niliyoandika apewe MC ayasome, kwani kuna ubaya gani?

Ubaya ulikuwa kiburi changu. Mimi, sauti ya Kariakoo, nisomewe na MC wa kukodi kwenye sendofu ya mdogo wangu? Nikatikisa kichwa, nikatoka kwenda kwa Rama.

Rama ni jirani yangu wa duka, anauza kava za simu, na ndiye aliyetuletea akili mnemba pale mtaani kwetu. (Yeye ndiye aliyenitengenezea ile picha ya tangazo, mwanamke mrembo amelala kwenye shuka langu la maua, nikaibandika mlangoni kwa furaha zote, mpaka mteja mmoja akaniuliza mbona huyu dada ana vidole sita. Nikamwambia mama, angalia shuka, vidole achana navyo.) Nilipomwandikia Rama shida yangu kwenye karatasi, akacheka. "Kaka, unahangaika nini? Nipe rekodi za sauti yako, andika unachotaka, hiyo itasema kila kitu, hata mama yako hatajua."

Rekodi za sauti yangu. Rekodi gani nilizonazo mimi duniani zaidi ya matangazo ya mashuka? Nikampa hizo hizo, akaniwekea hiyo programu kwenye simu yangu akazilisha humo, tukajaribu sentensi moja, "Habari za jioni, wageni waalikwa." Aisee, nywele zilinisimama! Nilikuwa mimi kabisa, mimi wa wiki jana mwenye koo zima. Nikampelekea mama asikilize, akasikiliza kwa makini, akasema, "Sauti ni yako, Eli, ila wewe mwenyewe sikuoni humo." Nikaona haya ndiyo mambo ya wazee.

Hapo ningeacha, ningekuwa mtu mwenye heshima zake leo. Ila kulikuwa na sehemu ya kuvuta kwa kidole imeandikwa isikike kama wewe zaidi, na Rama alinionya, naapa alinionya, "Ukiivuta mpaka mwisho inaanza kuongezea maneno ya kwako, uisikilize yote kwanza." Sikio la kufa halisikii dawa. Nikaona kama mimi zaidi kuna ubaya gani, mimi si ndiye wanayemtaka? Nikaivuta mpaka mwisho, na kusikiliza sikusikiliza, maana suti ilikuwa haijanyooshwa na gari lilikuwa linapiga honi nje.

Ukumbini wakwe zetu walishakaa. Ni watu wa Masasi, wapole, wamevaa sare za kijani, na msemaji wao alikuwa shangazi wa bwana harusi, Bi Tekla, mwalimu mkuu mstaafu, mama mwenye umbo dogo ambaye akikutazama unajikuta unachomekea shati. Mama yangu alikuwa anamwogopa, kwa sababu siku ya mahari alimsikia Bi Tekla akimnong'oneza mwenzake kwamba hawa watu wa Kariakoo naona kwao kila kitu ni biashara. Neno hilo lilimkaa mama rohoni. Kwenye gari alinishika mkono akaniambia, "Eli baba, leo waonyeshe kwamba sisi tunatoa mtoto, hatuuzi."

MC akaniita. Nikasimama, nikafunga kifungo cha koti. Nilishamkabidhi DJ simu na nikamwelekeza kwa ishara, mimi nikishika maiki yeye abonyeze, na mimi (cheka tu, ruksa) nitakuwa nachezesha mdomo ili ionekane naongea mwenyewe. Nikashika maiki, DJ akabonyeza.

"Habari za jioni, wageni waalikwa. Kwa niaba ya familia, nawakaribisha." Tulivu, nzito, mpaka mama akajiweka sawa kwenye kiti. Mdomo wangu unafuatisha vizuri tu. "Tuko hapa kwa ajili ya mdogo wetu Upendo, mtoto wa mwisho wa mama yetu."

Halafu ikavuta pumzi. Ile pumzi ninaijua, ni ile ninayovuta juu ya stuli.

"WA MWISHO HUYOOO! Wa mwisho wa mwisho wa mwisho! Ukichelewa ukikuta hayupo usinilaumu!"

Nyie, mdomo wangu ulikuwa bado unachezacheza! Ukumbi mzima unaniangalia mimi, na kwa macho yao ni mimi ndiye ninayesema. Nikaufunga haraka, na hapo ndipo ikawa mbaya zaidi, kwa sababu sasa mimi nimesimama mdomo nimefunga kabisa na sauti yangu inaendelea kunadi.

"Amelelewa vizuriii! Amesoma! Mpole, mchapakazi, njoo ujionee mwenyewe, kuangalia bure! Mpya kwenye boksi, mama, mpya kwenye boksi! Wa jumla njoo, wa rejareja njoo!"

Nikamgeukia DJ nimwambie zima. Nimwambie kwa sauti gani? Kikatoka kile kimlango cha bati. Nikaanza kupunga mikono juu, zima, zima, na yule kijana (Mungu amsamehe) akadhani ndiyo namna tulivyopanga, akanionyesha dole gumba akaongeza sauti, akaweka na kimdundo chini yake. Nikaacha maiki nikamkimbilia, nikajikwaa kwenye waya wa spika, nikapiga goti moja mbele ya meza ya wakwe. (Kiti kilianguka hapo. Kilianguka chenyewe. Hapo ndipo ilipozaliwa ile stori ya kiti.)

Na mimi nikiwa chini pale, ikafika mwisho wa hotuba, mahali nilipoandika kwa mkono wangu maneno ya baba, mlango wa nyumbani haufungwi. Haikuyasema. Ilichosema ni kile nilichoifundisha mwenyewe, tangazo baada ya tangazo.

"Karibuni sana wateja! Na mali ikishauzwa haibadilishwi, wala hairuuuudishwi!"

Mama alikuwa amejifunika uso wote na kitenge. Upendo ameinamisha kichwa, shela linatikisika, na mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze, mimi na ile simu. Nikawaza, nimemuuza mdogo wangu mbele ya watu wanaosema sisi tunauza kila kitu.

Bi Tekla akanyoosha mkono, akaokota maiki yangu, akasimama. Akanitazama pale chini. Akasema taratibu, kama anayesoma matokeo ya mtihani, "Sisi tumetoka Masasi. Tangazo tumelisikia." Akaigeukia meza yetu. "Nilikuwa na mashaka kidogo kwamba tumekuja kuoa kwa wafanyabiashara. Sasa mashaka yameisha." Hapo mtu mmoja nyuma akashindwa kujizuia, akacheka, na mwingine akadakia. "Mmesema hairudishwi. Basi sikilizeni na sisi, hatuna mpango wa kurudisha. Tumechukua!"

Ukumbi ulilipuka jamani. Vigelegele, watu wanagonga meza, mama akachungulia kutoka kwenye kitenge akakuta Bi Tekla anacheka mpaka anafuta machozi, naye akaanza kucheka. DJ akapiga muziki, ndafu ikaletwa, watu wakainuka kucheza. Mtu mwingine angeishia hapo, angesema nimeokoka, na mimi nilikuwa nimeshaanza kujipangusa goti na kuwapungia watu mkono kama vile lilikuwa wazo langu.

Lakini nikamwona Upendo. Kila mtu anacheka, yeye hacheki. Amekaa wima anatazama mbele, anatabasamu tabasamu la picha. Wote walisikia utani. Yeye alisikia kaka yake, aliyesimama badala ya baba, anawaambia wakwe kwamba hairudishwi, na wakwe wanaitikia kwa vigelegele.

Roho iliniuma, sikufichi. Nikapita katikati ya wanaocheza, nikachuchumaa mbele ya kiti chake, nikamvuta sikio kama tulivyokuwa tukifanya tukiwa wadogo. Nikamwambia kwa kile kisauti changu kibovu, "Lile ni tangazo la mashuka. Wewe unarudi. Siku yoyote, saa yoyote. Mlango wa nyumbani haufungwi."

Akasema, "Rudia."

Nikarudia. Katikati sauti ikakata kabisa, nikamalizia kwa midomo tu, na safari hii haikuwa ya kuigiza. Akaning'ang'ania shingo akalia, poda yote ikahamia kwenye koti langu, na Bi Tekla aliyekuwa ameketi pembeni yake akainama, "Kuna nini? Amekwambia nini huyu?"

"Amesema maneno ya baba, shangazi."

Bi Tekla akanitazama tena yale macho yake ya ofisini. "Ndiyo ungeanza na hayo," akaniambia.

Sasa mnaoniuliza kama nimeacha akili mnemba, sijaacha, mimi si mshamba. Picha inanitengenezea (vidole nahesabu kwanza), na wateja wanaonitumia meseji usiku inanijibia. Ila jambo la nyumbani kwangu nitalisema kwa mdomo huu huu, uwe mzima uwe mbovu, na sauti ikikata nitaenda kumsogelea mtu sikioni. Hilo nimeapa.

Kuna na kingine nimebadilisha. Tangazo la dukani kwangu nimelirekodi upya, mwenyewe, na mwisho wake siku hizi linasema, "Ukiona halikufai, lirudisheee!" Majirani wanasema nimerogwa, hakuna anayeuza Kariakoo akasema hivyo, na ni kweli mashuka yanarudishwa, mengine yameshafuliwa kabisa. Napokea. Upendo akija kunitembelea na mumewe, haingii moja kwa moja. Husimama kidogo pale nje chini ya spika, anasikiliza mpaka imalizike, ndiyo anaingia kunisalimia.