Mkwe Wangu Nyuma ya Kihenge

Uso wa mkwe wangu siujui. Nakwambia kweli. Watu wa Mwanza wanaujua, watu wa Nairobi wanaujua, vijana wa bodaboda pale Bomani wameubandika kwenye pikipiki zao, halafu mimi niliyempa binti siujui. Ninachojua ni sauti yake, mkono wake mmoja, mgongo wake, na sahani yake ikirudi jikoni.

Sisi Wakurya tuna kitu tunakiita ensoni. Ni aibu, lakini siyo aibu ile mbaya, ni heshima iliyozidi. Mwanaume na mama wa mke wake hawapeani mkono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Mkikutana njiani mmoja anachepuka kwenye majani. Siku hizi vijana wengi wameacha, wanawakumbatia wakwe zao kama wamefunga goli. Huyu wangu hakuacha. Na ukimwangalia ndiye ungesema ataacha wa kwanza! Nywele kamba kamba mpaka kiunoni. Suruali imechanika magoti yote mawili, nikamwambia binti yangu leta nishone, akacheka mpaka akakaa chini. Na gitaa la umeme, likilia ng'ombe wanakata kamba. Muziki wenyewe unaitwa roki. Anapiga kelele kama mtu anafukuza fisi zizini, na watu wanalia kwa raha.

Basi huyo akafa. Ugonjwa wa siku chache tu, hatukuamini. Mimi nikabaki na shida moja ambayo sikumwambia mtu: nitamuagaje? Wenzangu wanapanga mstari, wanaangalia mara ya mwisho. Sasa mimi sijaangalia hata mara ya kwanza!

Msiba ulikuwa kwao, kule Serengeti. Tukatoka Nyanungu wanawake kumi na moja, nikiwemo mimi na jirani yangu mmoja ambaye tuliolewa mwaka mmoja, mdomo wake hauna mlango. Tulipofika tu, kijana akaja na furushi la fulana nyeupe, kila mfiwa apewe yake. Kuifungua, hee! Uso wa mkwe wangu kifuani. Nikafumba macho kabla haijafunguka yote, nikaikunja haraka.

"Vaa," jirani akaniambia, "wote tumevaa."

"Nimbebe mkwe wangu kwenye maziwa? Wewe una akili?"

"Basi igeuze, picha ikae ndani."

Nikaanza kuigeuza. Yule mwanamke akasubiri mpaka nimeingiza mkono mmoja ndio akasema, "Sasa ndio umemkumbatia kabisa."

Tulicheka jamani, msibani, tukajifunika kanga ili waseme tunalia. Fulana nikaitia kwenye kikapu.

Nikaenda kukaa jikoni kwa wapishi, maana jikoni mwanamke hapotei. Kule ndiko walikokuja wale mashabiki wake. Walikuja wengi, wengine kutoka Kenya kwa njia ya Sirari, wamevaa nyeusi tupu kama kunguru, pete puani, pete kwenye nyusi. Lakini wana adabu! Kila mmoja anainama, "Shikamoo bibi," na wale wa Nairobi wananiita shosho. Wakaanza kumenya viazi. Walipojua mimi ni mama mkwe, wakanizunguka kama vifaranga.

"Shosho, nyumbani alikuwa mtu wa aina gani? Sisi tulimjua jukwaani tu."

Nikawaambia ukweli. Akija kwangu haingii. Anapita nyuma ya kihenge cha mahindi, anasimama kule, anakohoa mara mbili. Mimi nikisikia kile kikohozi natoka jikoni nasimama upande wa huku, kihenge katikati. "Shikamoo mama." "Marahaba, mura. Ng'ombe wazima?" Mura kwetu ni kijana wa kiume. Tunaongea pale mpaka jua linahama, yeye anaongea na mahindi, mimi naongea na mahindi. Halafu anaenda kwenye nyumba ya wavulana, binti yangu anampelekea chakula. Akitaka kuondoka anarudi palepale nyuma ya kihenge. "Mama, nimeshiba. Naenda." Namjibu, "Nenda, mura." Natazama chini mpaka viatu vyake visisikike. Kila safari, miaka kumi na sita.

"Kwa hiyo hukuwahi kujua anapenda nini?" binti mmoja akauliza, huyu kichwa amenyoa upande mmoja tu, nikadhani kinyozi aliitwa ghafla.

Nilimjua kwa sahani, nikamwambia. Sahani inasema. Mlenda ulikuwa unarudi umesogezwa pembeni kwa adabu, haukuguswa. Mgagani ulikwisha. Samaki alibaki mifupa imepangwa kama kitana. Siku moja sahani ikarudi nyeupe na binti yangu anacheka, anasema mama, anauliza kama kuna ukoko. Mtu amelala kwenye mahoteli, amekula vyakula vya kuletwa na mtu aliyevaa tai, anaomba ukoko wa ugali wa mtama! Tangu siku hiyo nikawa naliunguza sufuria kwa makusudi. Mashabiki wakasikia hilo, mmoja akaacha kumenya kiazi.

Nikawaambia na habari ya mvua ya mawe.

Siku hiyo binti yangu alikwenda mnadani, nipo peke yangu jikoni. Mkwe akafika na gitaa lake mgongoni, siyo lile la umeme, la mbao. Hata hajakohoa vizuri, mbingu zikapasuka. Mvua ya mawe, jamani, mawe kama mayai ya kanga! Nyumba ya wavulana ilikuwa na kufuli, ufunguo ameondoka nao binti. Jikoni nipo mimi. Yeye hawezi kuingia kwa sababu mimi nipo, mimi siwezi kutoka kwa sababu yeye yupo. Nasikia anavyojibana kwenye ukuta chini ya nyasi za paa, mawe yanambonda.

Nikapiga kelele, "Ingia, mura! Nitageukia ukutani!"

"Hapana, mama. Haya ni maji yaliyoganda tu."

"Yatakuua!"

"Basi nipokelee huyu."

Mlango ukasogea kidogo, gitaa likaingia peke yake. Yeye akabaki nje. Alilinda mbao, kichwa akaacha. Nikaangalia huku na huku, nikachukua sufuria kubwa la ugali, nikalisukuma kwa mwiko mpaka mlangoni. Mkono ukaingia ukalichukua. Ndio siku niliyouona mkono wake. Vidole virefu, na kwenye ncha vigumu vyeusi kama kisigino cha mtu anayelima. Nikasema moyoni, kumbe naye ni mkulima, shamba lake ni nyuzi.

Akalivaa sufuria kichwani. Mawe yakaanza kuligonga, ti-ti-ta, ti-ta, na mimi nikasikia anacheka ndani ya sufuria. Halafu akaimba. Nilikuwa nimemsikia kwenye redio anavyopasua koo. Hii haikuwa ile. Aliimba polepole, sauti nene inatoka sufuriani kama inatoka kisimani, anafuata mawe yanavyogonga. Kwa Kikurya. Aliimba kuhusu mama yake kukamua ng'ombe. Mimi nimekaa na gitaa mapajani kama mtoto, nywele zimenisimama, machozi yananitoka, na mboga inaungua. Sijasikia kitu kama kile, sitasikia tena. Mvua ilipoisha alikohoa mara mbili. "Mama, msogeze huyo mbali na moto, atapasuka." Ni hivyo tu.

 Pale kwenye viazi kijana mmoja wa Nairobi, mikono yote michoro, akasema taratibu, "Ile ngoma yake inayoanza ti-ti-ta… tumebishana miaka ni chombo gani."

"Ni sufuria langu," nikasema. "Lina mabonde mpaka leo."

Jinsi walivyonitazama! Ungesema mimi ndiye niliyeimba.

Ndipo yule wa kunyoa upande mmoja akatoa la kwake, na ilionekana limemkaa siku nyingi. Akasema, "Bibi, mimi ni wa Tarime. Alitembea kote akiimba, watu wanamwona uso. Alipokuja kwetu Bomani, pale uwanjani, akatugeuzia mgongo. Onyesho zima! Huko mjini wakaiga, wakasema ni mtindo mpya. Lakini sisi wa nyumbani tuliumia. Tulisema ametudharau, amekuwa mkubwa."

Mimi nikaanza kucheka. Nilijaribu kujizuia, nikashindwa. Jirani yangu naye akajishika mbavu, maana alikuwepo, tena ndiye mwenye makosa.

Siku ile ilikuwa mchana, wameweka lori kuwa jukwaa. Mimi nilikuwa nimesema tutakaa nyuma kabisa, nisikie tu, kichwa nimefunika. Huyu jirani akanivuta, "Sogea, sogea, huku nyuma tunaona makalio ya watu," akanivuta mpaka mbele, nimebanwa kwenye lori lenyewe. Gitaa likaunguruma. Mkwe akaruka akatua jukwaani, mikono juu, akatazama chini moja kwa moja, na chini nipo mimi! Mimi niliinamisha kichwa haraka, nikaona viatu tu. Viatu vikageuka. Vikakaa vimegeuka mpaka mwisho. Jasho likaloanisha shati lote, mgongo wote, naye hakugeuka hata kuchukua maji. Nikataka kuondoka nimfungue, lakini watu walikuwa wamebana, kutoka hakuna.

"Hakuwadharau," nikamwambia yule binti. "Kulikuwa na mama mkwe mbele. Mimi ndiye niliyewanyima uso wake."

Binti akaweka kisu chini. "Wewe?" akasema. "Ni wewe?" Akalia hapohapo, akaniangukia mapajani na kile kichwa chake cha nusu. Nikampapasa upande wenye nywele.

Sasa tukiwa hivyo, kule uwanjani mwenye kipaza sauti akaanza kuita watu kuaga. Wazee wa ukoo. Wanakwaya. Wanamuziki wenzake. Halafu nikasikia, "Sasa tunaomba upande wa wakwe, mama mkwe atangulie."

 Nikabaki nimekaa. Akaita tena. Wanawake wanageuka wananitafuta. Nikasikia mmoja nyuma ya jiko anasema bila kuficha, "Hata kumuaga hataki? Si walisema hawakuelewana?" Jirani yangu akamjibu, "Wewe umeolewa wapi, kwa Wazungu?" lakini mimi maneno yale yaliniingia. Nikifika pale nikamtazama, nimevunja kitu alichokilinda kwa mvua ya mawe. Nisipokwenda, anaondoka bila neno langu. Nikashika kikapu changu chenye fulana, sijui nilitaka kwenda wapi.

Mama mzazi wa mkwe wangu alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango, hajaongea tangu asubuhi. Aliniita kwa kidole. Nikaenda nikakaa. Alikuwa amesikia yote, jikoni na mkeka vilitenganishwa na turubai tu.

"Mwenzangu," akaniuliza, "alikuwa anakusalimia akiwa wapi?"

"Nyuma ya kihenge."

"Siku zote?"

"Siku zote."

Akanyanyuka. Mwanamke mzima wa miaka ile, akafunga kanga kiunoni, akaenda kwa wabebaji. Wabebaji walikuwa hao hao mashabiki, wa pete na michoro. Sikusikia alichowaambia. Nilimwona tu anaonyesha kidole upande wa zizi, kwenye kihenge chao. Kaburi lilikuwa upande mwingine kabisa.

Wakafunga jeneza. Wakalibeba, hawakwenda kaburini. Walizunguka zizi polepole, viatu vyao vyeusi vimejaa samadi, wakasimama nyuma ya kihenge, wakaliweka kwenye viti viwili. Umati wote ukabaki umeshangaa. Mama yake akabaki kule pamoja naye. Yule binti wa kichwa nusu akanishika mkono akanileta upande wa huku, akaniacha.

Mbele yangu kihenge tu. Kimejaa mahindi, kinanukia kama cha kwangu.

Nikasubiri kikohozi. Unajua mwili ulivyo mjinga, nilisubiri kweli. Ng'ombe mmoja alilia, halafu kimya. Nikaelewa kwamba leo zamu ni yangu.

Nikakohoa mara mbili.

"Mura," nikasema, "ni mimi. Nimekuja." Nikagusa kihenge kwa kiganja. "Sufuria lipo. Mke wako na watoto nipo nao, usiwaze. Ulinikalia nje kwenye mawe, na mimi leo sikukutazama." Nikakumbuka hajaniambia lile neno lake la kuondoka, na bila hilo sijui namwachiaje. Basi nikalisema mimi. "Umeshiba, mura."

Upande wa pili mama yake akajibu, sauti yake nene kama ya mwanawe, sikuwahi kugundua, "Ameshiba, mama. Anaenda."

"Nenda," nikasema.

Wakambeba. Nikatazama chini, kama siku zote, mpaka viatu havikusikika tena.