Chupa ya Nikeli

Mwalimu wa kemia aliyemsimamia Bénita alivaa glavu polepole, kidole kwa kidole, na hakugusa chupa yoyote kabla ya kuipangusa. Siku ile walikuwa wakitengeneza chembechembe za nikeli, ndogo zisizoonekana kwa macho, za kusaidia hidrojeni kugandisha mafuta ya soya. Chumvi ya nikeli waliyoiyeyusha ndani ya chupa ndiyo pekee iliyokuwa imebaki. Maji ya kijani yalipoanza kugeuka meusi, umeme ukakatika, na mashine ya kukorogea ikasimama.

“Mama, zitashikamana! Kazi yangu ya mwaka imekufa!” Bénita alilia.

“Hapana, mutoto yangu. Leta mukono.” Mwalimu akaishika chupa, akavifunika vidole vya msichana kwa vyake, wakaizungusha pamoja huku akiimba chini kwa chini wimbo wa kubembeleza watoto, mpaka umeme uliporudi.

Kesho yake walizijaribu chembechembe hizo kwa hidrojeni na mafuta ya soya yaliyopashwa moto. Mafuta yalipopoa, mwalimu aliinua glasi na kuipindua juu ya koti lake jeupe. Hata tone halikudondoka.

“Imekubali! Sasa pindua weye,” alisema, akampa Bénita glasi na kuinamisha kichwa chake mwenyewe chini ya glasi hiyo.