Kipande cha Udongo Kilichoanguka

Ipo siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu, na jana wewe ndiye uliyenikumbusha. Nilikuona umeangusha kile kipande cha udongo wa kusafishia rangi ya gari, ukakiokota, ukakipuliza, ukataka kuendelea na kazi. Nikapiga kelele mpaka mteja akashtuka. Unisamehe kwa kelele zile. Sababu yake ndiyo hii.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na tano, naosha magari hapa hapa Tukuyu kwa fundi Tuntufye. Mzee yule hakuwa mtu wa maneno mengi, na mimi, nikwambie ukweli, nilikuwa na majivuno. Nilidhani gari likishapigwa sabuni na kufutwa, kazi imekwisha. Basi tukaletewa gari la Mwalimu Bupe wa Mpuguso. Lilikuwa la marehemu mumewe, jeusi, limekaa mwaka mzima chini ya mparachichi. Jumamosi lilitakiwa kumpeleka binti yao kanisani kufunga ndoa. Mama yule alituambia jambo moja tu: "Nataka baba yake naye awepo."

Nikaliosha likang'aa. Fundi akaniambia nivae mfuko laini wa plastiki mkononi, nipitishe vidole juu ya boneti. Jamani! Ilikuwa kama napapasa mchanga. Macho hayakuona kitu, lakini mkono ulikutana na vumbi la barabara, utomvu na masizi, vyote vimeng'ang'ania kwenye rangi. Nikaduwaa. Akanyunyizia maji ya sabuni, akaukanda ule udongo ukalainika kama unga wa maandazi, akautelezesha polepole mara mbili tatu, kisha akaniambia nipapase tena. Laini! Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Akaniachia milango, akaenda kunywa chai. Kipande kikaniponyoka, kikaanguka chini. Sasa wewe unajua tulivyolelewa huku kwetu: ndizi ya kuchemsha ikianguka, unaipuliza unakula, chakula hakitupwi. Nami nikakipuliza kile kipande, nikakipangusa kwenye suruali, nikaendelea. Kumbe vijiwe vya ardhi yetu hii ya mlima vilikuwa vimezama ndani yake. Nilipofuta maji, mlango wa mbele ulikuwa umejaa mikwaruzo, kama umepitiwa na paka.

Ilikuwa Alhamisi. Nikaliona lile kopo la dawa ya kulinda rangi, ile tunayopaka mwisho. Nikawaza, nikiipaka nzito itaficha, angalau harusi ipite. Nilikuwa nimeshachovya kitambaa fundi aliporudi.

Hakunitukana. Alisema kwa upole, "Gwe kijana, dawa hii inalinda chochote utakachokiacha chini yake. Sasa unataka mama wa watu azunguke na uongo wako?"

Akanituma Mpuguso nikamweleze mwenyewe. Nilimkuta Mwalimu Bupe anachambua maharage. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza tu, "Jumamosi litakuwa tayari?" Nikamjibu, "Litakuwa tayari, mama." Akasema, "Haya baba, nenda kafanye kazi."

Ijumaa kutwa tuliung'arisha ule mlango kwa mikono, mimi na fundi, viwiko vikituuma. Mkwaruzo mmoja mwembamba, karibu na kitasa, ulikataa kabisa. Ndipo tukapaka dawa, tukaiacha ikauke, tukafuta.

Jumamosi asubuhi mama alifika na binti yake, na mvua ya Tukuyu ikamwagika bila hodi. Mwanangu, sijui nikwambieje. Maji yalisimama juu ya boneti shanga kwa shanga, kisha yakakimbia yote, ukabaki weusi mtupu, na uso wa mama ukaonekana humo ndani. Mimi niliyekuwa naosha magari kila siku nilisimama kwenye mvua mdomo wazi.

Mama akashika mlango, kidole kikagusa ule mkwaruzo.

"Ndio huu ulioniambia?"

"Ndio, mama."

"Mume wangu alikuwa analipapasa gari hili kila asubuhi kabla ya kuliwasha. Huu angeugundua tu." Akanitazama. "Ndaga fijo kwa kuja kuniambia." Ndiyo asante sana ya kwetu. Akafungua mlango, akamwambia binti yake, "Panda, baba yako anatusubiri."

Kwa hiyo nakusihi, mwanangu. Ukishaosha, papasa, usiyaamini macho peke yake. Udongo usiutelezeshe pakavu, na ukianguka utupe, hata kama umeufungua sasa hivi. Na kabla hujagusa kopo la dawa, jiulize unafunika nini. Kama ni kosa lako, mwendee mwenye gari kwa miguu yako umwambie. Hata nyumbani kwako, utakapooa, fanya hivyo hivyo.

Mungu aibariki mikono yako. Na kila atakayepitisha mkono wake pale ulipopita wewe, asikute cha kumkwaruza.