Mlima Aliouchora Musa Mwingushi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kopo la rangi nyeusi, brashi iliyonyonyoka na amri ya kuandika USITEME MATE ukutani. Niliandika mara mbili, na mara mbili nikafutishwa, maana herufi zilikuwa zinapanda. "Kijana, huku Same kila kitu kinapanda mlima, lakini si maandishi ya serikali," aliniambia Bwana Utamaduni, mkuu wangu wa kwanza. Akanionyesha namna ya kupaka uzi chaki, kuukaza kutoka pembe hadi pembe, kisha kuuvuta na kuuachia upige ukuta na kuacha mstari. Hiyo ndiyo ilikuwa rula yetu. Ninyi mnabonyeza kitufe, bango linatoka, mnajiita wachoraji. Haya.

Ofisi siitaji, wakubwa wengine wana watoto na wajukuu hapa hapa mjini. Nilikuwa mchoraji pekee. Wakati Uhuru ungali mbichi niliandika vibao vya milango, majina ya Wazungu yakitoka na yetu yakiingia. Lilipokuja Azimio na Ujamaa nikahamia mabango: jembe, mkono, jua linalochomoza. Nilichora majua mpaka nikayachukia.

Kisha wakaja wataalamu wa kuchimba visima kutoka Urusi, na mmoja wao alikuwa Musa. Hotelini watu walimwita Mrusi, naye alikuwa akiwaka kweli kweli. "Mimi si Mrusi! Mimi Mwingushi!" Mwingushi ni nani, nani alijua? Kwa Kiswahili chake cha kuvunjika alinieleza kwamba kabila lake ni watu wa milimani, Waislamu, na kwamba alipokuwa mtoto askari waliwasomba wote, wazee kwa wagonjwa, wakawapakia kwenye mabehewa na kuwapeleka tambarare ya mbali. Walikaa huko miaka mingi.

Huyo Musa ndiye aliyenifundisha uchoraji. Alinionyesha kuwamba marikani kwenye fremu na kuisiriba gundi na chaki ili isinywe rangi. Alinifundisha kwamba mlima wa mbali haupewi kijani, unapewa buluu iliyotiwa nyeupe, ndipo unarudi nyuma wenyewe. Kila Jumapili tuliketi huku bondeni, akiichora milima ya upande wa Suji. Kwenye mteremko wa kwetu, nilikozaliwa, alichora nyumba zote kumi na moja, moja moja, na ya mama yangu ikiwemo, na bati nililomwezekea.

"Mbona unahangaika na vijumba hivyo?" nilimuuliza.

"Kwetu hakuna aliyechora," akajibu, akaendelea.

Alipoondoka aliizawadia ofisi ile picha. Ikatundikwa nyuma ya kiti cha Bwana Mipango, mkuu wangu wa pili, mtu wa suruali yenye mkunjo na hasira za karibu.

Ikaja operesheni ya vijiji. Watu wa mteremko wetu waliteremshwa kwa lori mpaka tambarare, mama yangu kati yao, amekumbatia kinu chake. Mwezi uliofuata tukaambiwa mgeni mkubwa anakuja. Bwana Mipango aliniita.

"Taarifa yangu inasema pale palikuwa pori. Mgeni ataangalia picha, ataniuliza hawa wako wapi. Futa hizo nyumba."

"Lakini Bwana Mipango, hii picha ya mtu..."

"Picha ni mali ya ofisi. Na wewe je, ni mali ya nani?"

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo kwenye ufundi. Ukitaka kufunika kitu kwa muda, unakipaka vanishi kwanza, ikauke, ndipo upake rangi juu. Siku ukitaka kukifunua, unafuta taratibu kwa kitambaa chenye tapentaini, na cha chini kinabaki. Vanishi ilikuwa kabatini. Sikuichukua. Na si woga! Ilikuwa majivuno: vanishi ingeng'aa chini ya rangi, nami nilitaka kazi isiyo na doa. Nilipomaliza kuzifunika nyumba kwa kijani cha pori, Bwana Mipango alirudi nyuma hatua mbili, akakunja mikono. "Safi sana. Kama hapajawahi kuishi mtu." Nikafurahi. Lo! Nilifurahi kabisa.

Tambarare hakukuwa na mvua, na baada ya miaka michache watu wakaanza kurudi juu kimyakimya. Mama alikuta jirani mmoja, mtu wa kamati, amepanda migomba na kahawa shambani mwake. Jirani akaapa kwamba pale palikuwa pori na yeye ndiye aliyelifyeka. Wazee wa baraza walipombana, akasema twendeni ofisini tukaangalie ile picha, aliyokuwa akiiona kwenye vikao.

Wakaja. Wazee watatu, jirani, na mama yangu.

"Aliichora Mzungu," jirani akasema. "Mzungu ana ndugu gani Suji hata adanganye?"

Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Mama akasogea, akaweka kidole kwenye kijani changu. "Nyumba yangu ilikuwa hapa. Huyu mwanangu anajua."

Mzee wa baraza akanigeukia. "Habari za nyumba hatukuulizi, wewe ni mwanawe. Tunakuuliza kama fundi. Picha hii imeguswa na mkono mwingine?"

Bwana Mipango alikuwa kitini, kalamu imesimama. Nilikuwa na watoto wanne na kazi moja.

"Haijaguswa," nikasema.

Kwa woga wangu hata kumwamkia mama nilikuwa sijamwamkia. Akaifunga vizuri kanga yake. "Marahaba, mwanangu," akasema, akatoka. Shamba akapewa jirani. Mama alifia Hedaru kwa dada yangu, na nilipokuwa nikienda kumwona alinipikia na kuniuliza habari za wajukuu, basi.

Nilipostaafu niliiomba ile picha, ilikuwa stoo, imeliwa na panya pembeni. Nikajaribu kuusafisha ule mteremko. Kijani kilitoka na nyumba zikatoka nacho, mpaka nikaifikia marikani nyeupe.

Wenzangu wastaafu husema tulikuwa watumwa wa amri. Labda kwenye kufuta, sawa. Lakini siku ile ya baraza Bwana Mipango hakusema neno. Niliulizwa kama fundi, nikajibu kama fundi, nikamnyang'anya mama yangu shamba lake.