Maziwa ya Ng'ombe wa Mkwe

Mjukuu wangu alizaliwa wa miezi saba. Nikisema alikuwa kama kiganja changu mtasema nimeanza uongo wangu, basi semeni viganja viwili, na kimoja ni cha mtoto. Hapa Kimuli wananijua. Kuku wangu akitaga mawili mimi natangaza kumi. Mengine humu mnaweza kugawa kwa tano, ila ya ugonjwa hayo yachukueni yalivyo, sijayaongeza hata punje.

Binti yangu ndiye aliyezaa, mimi nikaenda kumuuguza kule hospitali, wodi ya watoto njiti. Wiki mbili alikaa na mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, wamefungwa na kitenge kimoja. Mtoto hajui kunyonya. Ana mpira mwembamba umepita puani mpaka tumboni. Binti anakamua maziwa kwenye kikombe, nesi anapima kwa bomba la sindano, anayapitisha taratibu kwenye ule mpira. Maziwa yenyewe yalikuwa machache, inzi angeyanywa akaondoka analalamika.

Nesi aliniambia tangu siku ya kwanza, "Bibi, huyu ni maziwa ya mama yake tu. Hata maji usimpe. Utumbo wake bado laini kama karatasi iliyolowa."

"Mwanangu," nikamwambia, "mimi mtu mzima mwenyewe hapa sishibi, nitoe wapi cha kumpa?"

Tukacheka. Laiti ningecheka kidogo nikasikiliza sana.

Wiki ya tatu akaja mkwe mwenzangu, mama wa mume wa binti yangu. Yule ni wa Bweranyange, nyumba ya ng'ombe wenye pembe ndefu, kunguru akianza kutembea ncha hii asubuhi, ncha ile anafika jua linazama. Alikuja saa ya kuona wagonjwa, amevaa kama anakwenda kupokea askofu, na kikapuni ana chupa ya chai.

"Shikamoo mama," binti akamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Mbona umekonda hivi? Nenda ukaoge, sisi bibi zake tupo."

Binti akamweka mtoto kwenye kitanda chake kidogo, akaenda kuoga. Yule mama akachungulia kikombe cha maziwa. Akakitazama mpaka nikaona aibu mimi.

"Ndiyo haya? Mjukuu wangu anaishi kwa haya?"

"Ndivyo walivyosema, mkwe. Kidogo kidogo."

"Kwetu mtoto hamalizi mwezi hajaonja maziwa ya ng'ombe wa babu yake. Atajuaje yeye ni wa kwetu?"

Akafungua chupa, kumbe ndani ni maziwa ya ng'ombe, akamimina kwenye kikombe. Hakuficha. Nesi alikuwa upande wa pili na mtoto mwingine. Na mimi, mwenye mdomo huu ambao hata redio ikiwashwa nabishana nayo, nikatazama chini. Kwetu mkwe haambiwi hapana. Mkwe akikuletea jiwe unasema asante, unaweka sufuria jikoni.

Binti akarudi, akaona kikombe kimejaa. Kwa kuchoka alidhani hakuwa ameangalia vizuri. Akaniambia kwa furaha, "Mama, maziwa yameanza kutoka."

Nikamwacha afurahi. Hapo ndipo najichukia mpaka leo. Nesi akapima, akapitisha. Kesho yake yule mama akaja tena na chupa yake, na mimi nikatazama chini tena.

Siku ya tatu tumbo la mtoto likavimba, ngozi ikang'aa. Akatapika kijani. Binti akafungua nepi akakuta damu. Daktari akaja mbio, wakampiga picha. Akatuambia utumbo umeshambuliwa, ni ugonjwa unaowapata njiti, sehemu ya utumbo inaweza kufa na kutoboka. Ukitoboka ni kupasuliwa, na pale hawapasui mtoto wa namna hiyo, ni kupelekwa mbali, na sijui angefika. Wakasimamisha maziwa yote, wakaweka dripu na dawa.

"Kuna kitu kingine amepewa?" daktari akauliza.

Binti akasema, "Hapana, ni maziwa yangu tu."

Nikasema, "Amepewa ya ng'ombe. Nimeona. Mara mbili."

Binti hakunigombeza. Alichukua kile kikombe akaenda kukiosha. Daktari akasema ugonjwa huu unaweza kumpata hata njiti anayepata maziwa ya mama peke yake, hawezi kuapa kilichouleta, lakini maziwa ya ng'ombe kwa utumbo ule ni kuuita kwa jina.

Siku kumi mtoto hakuonja kitu. Binti akawa anakamua maziwa anamwaga, yasije yakakauka. Na kule Bweranyange nasikia wanasema maziwa ya binti yangu ndiyo machungu, ndiyo yamemharibu mtoto tumbo. Hasira niliyokuwa nayo ungeweza kuchemshia chai ya wodi nzima.

Utumbo haukutoboka. Tumbo likashuka, wakaanza tena tone moja moja la mama yake. Mwezi wa pili tukatoka.

Ukweni wakafanya sherehe, ndizi, nyama, pombe ya rubisi, majirani tele. Mkwe mwenzangu akasimama mbele ya watu, akasema mama wa mtoto maziwa yalikataa, ila mjukuu ameponywa na maziwa ya ng'ombe wa babu yake. Binti yangu akainamisha kichwa.

Nikasimama. "Mkwe, samahani mbele ya wageni. Hayo maziwa yako yalitaka kumzika. Yaliyomlea ni ya huyu unayemsema, na daktari ameniambia mimi kwa mdomo wake."

Watu wakaacha kutafuna. Yule mama akanitazama, wala hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Ulikuwa umekaa pale pale," akasema. "Nesi alikuwa amekwambia. Mimi sikuambiwa na mtu. Kwa nini hukunishika mkono?"

Nimesimulia uongo wa kila aina maishani, lakini pale sikupata hata mmoja. Nikamwambia, "Nilikuheshimu."

"Basi tulikuwa tunamzika kwa heshima," akasema, akaenda kukaa karibu na binti yangu.