Mbegu Zilizotangaziwa

Ulezi ukimwagwa kwenye ungo hutoa sauti kama redio inayotafuta stesheni. Nikiisikia hucheka peke yangu, kisha machozi hunilengalenga.

Nilikuwa darasa la nne kule Izimbya, na tata, yaani baba, alikuwa hajaamua kama niendelee na shule. “Msichana na vitabu, wapi na wapi?” Ndipo bwana shamba akapita kugawa maelezo ya kilimo cha ulezi. Karatasi za Kiswahili zilikuwa zimemwishia, akatuachia ya Kiingereza.

Tata akanikabidhi karatasi hiyo mbele ya bibi, mama yake. “Soma. Kama hicho Kiingereza hakijakuingia, jembe lipo.”

Jamani, Kiingereza chenyewe nilikuwa nimekianza juzijuzi! Maneno yote yalinipita, isipokuwa moja: *broadcast*. Hilo nililijua. Mwalimu wetu alikuwa na redio, na alitufundisha kwamba maana yake ni kutangaza.

“Imeandikwa,” nikasema kwa sauti ya padri, “mbegu zitangaziwe.”

“Zitangaziwe nini?” tata akauliza.

Bibi akainuka na kibuyu chake cha mbegu. “Mtoto amesoma. Twendeni.”

Tulikwenda rweya, ile nyika ya nyasi nje ya migomba ambako wanawake walilima. Bibi akachota konzi ya ulezi, akauambia kwa sauti, “Mbegu waitu, wapendwa wetu, tunawatangazia: mvua imekuja. Oteni!” Kisha akazirusha huku na huku, mkono ukipepea, kama alivyofanya miaka yote. Tata alicheka mpaka akakaa chini. Ulezi ukaota vizuri, na mwaka uliofuata nikaingia shule ya kati.

Huko ndiko nilikogundua kuwa mbegu hazitangaziwi. Nikaona aibu, na aibu hiyo nikakaa nayo hadi utu uzima, siku nilipofungua kamusi moja nene. Maana ya kwanza ya neno lile ilikuwa kutawanya mbegu kwa mkono. Watu wa redio waliliazima kwa wakulima.

Kumbe bibi yangu, asiyejua hata herufi moja, ndiye aliyelitafsiri sawasawa. Wala hakuwa ameiamini karatasi ile, aliniamini mimi. Nilimpenda upya, nikiwa nimechelewa.

Pasaka nilikwenda nyumbani, nikasimama penye kaburi lake katikati ya migomba, nikamtangazia: “Bibi waitu, tulipatia.”